Upande wa Ndani wa Kioo

Jumanne ya wiki ya pili ya Julai, saa tatu asubuhi, Modesti alikuwa amekaa kwenye stuli mbele ya kibanda chake, koti limefungwa mpaka shingoni kwa baridi, akisugua kioo cha dashibodi kwa msasa wa maji. Si kioo hasa. Ni ile plastiki inayofunika mishale ya spidi na mafuta, ambayo gari likizeeka hugeuka njano kama kucha za mvuta sigara na kujaa mikwaruzo ya vitambaa vyenye vumbi, mwisho dereva anaendesha kwa kukisia. Sumbawanga nzima, fundi wa vioo hivyo alikuwa yeye peke yake. Alianza na msasa unaokwaruza, akashuka kwenye laini, akashuka kwenye laini zaidi, akamalizia kwa dawa ya meno na kipande cha fulana kuukuu. Gari la miaka thelathini liliondoka pale dashibodi yake ikisomeka kama limeshuka melini juzi.

Kazi hiyo alifundishwa na marehemu mzee Mahmud, fundi umeme wa magari, ambaye kibanda kilikuwa chake. Mzee Mahmud alimwachia sheria moja. Upande wa nje, sugua utakavyo. Upande wa ndani, pitisha kitambaa kikavu, basi. "Uchafu wa nje ni wa barabara," alikuwa akisema. "Ukungu wa ndani ni wa mwenye gari. Hautuhusu." Modesti aliishika sheria hiyo miaka kumi na tisa bila kuuliza sababu, maana ufundi una mambo mengi ya namna hiyo, na anayeyauliza yote hachelewi kulala njaa.

Kioo cha asubuhi hiyo kilikuwa cha Land Cruiser ya kijivu ya mzee Stanley. Gari hilo ndilo lililomuua Clemens, mdogo wake Modesti, miaka minne iliyopita, kwenye barabara ya Chala, jua likizama. Hakuna aliyelificha jambo hilo. Mzee Stanley alisimama, akawapigia polisi simu mwenyewe, akanunua jeneza, akaleta mchele na ng'ombe msibani, akakaa na wafiwa mpaka matanga yakaisha. Mtu mwema. Modesti akikutana naye njiani alimwamkia kwanza, akiwa bado yuko mbali.

Kilichobaki kuuma ni karatasi. Ripoti ya ajali ilisema gari lilikuwa kwenye mwendo wa hamsini, na kwamba marehemu alikuwa mlevi, akayumba na baiskeli yake mpaka katikati ya barabara. Clemens alikuwa katekista wa kigango chao na pombe hakuwahi kuionja tangu apewe kazi hiyo. Ila jioni ile alikuwa anatoka mashineni na gunia la kimea kilichosagwa, kimea cha mke wake Epifania, aliyekuwa akipika pombe ya ulezi ya kuuza kama wanawake wengi wa pale. Gunia lilipasuka, unga ukamfunika kuanzia nywele mpaka viatu. Askari aliinama, akanusa, akaandika. Aliyekufa hajitetei.

Epifania hakudai kingine. Ng'ombe alimpokea, mchele aliupika. Alitaka neno "mlevi" litoke kwenye karatasi ile, kwa sababu gunia lilikuwa lake na yeye ndiye aliyemtuma. Lilimuuma kila siku, asubuhi akiwasha moto na jioni akiuzima. Vyungu vyake vya pombe alivigawa kwa majirani.

Sasa mzee Stanley alikuwa anamwoza binti yake, Jenifer. Gari ndilo lingebeba maharusi siku ya Jumamosi, na alitaka ling'ae kotekote.

"Pande zote mbili, fundi," alisema alipoleta. "Ndani nako kumefubaa. Miaka minne sasa sioni vizuri."

"Ndani huwa hatusugui, mzee."

"Sugua. Nimekuruhusu mimi."

Mtu aliyenunua jeneza la mdogo wako, ukianza kumkatalia kioo, utaanzia wapi? Modesti alikigeuza, akachovya msasa kwenye maji.

Ukungu wa ndani ulitoka kirahisi kuliko njano ya nje. Maji ya ndoo yaligeuka rangi ya uji wa ulezi na yakawa na harufu ya kimea. Alikifuta kioo, akakipachika kwenye dashibodi, iliyokuwa juu ya meza bila waya hata mmoja. Mshale wa spidi ukapanda taratibu, ukasimama kwenye mia moja na kumi na nane. Akaugonga kwa kidole, kama mafundi wote wanavyofanya. Haukushuka.

Nyuma ya mshale, badala ya ile rangi nyeusi, palikuwa na barabara ya Chala. Clemens alikuwa anaisukuma baiskeli kwa miguu, pembeni kabisa, nje ya lami, gunia limefungwa nyuma kwa mpira. Alikwenda amenyooka. Aliposikia gari alisimama, akaisogeza baiskeli zaidi kwenye majani, akageuka, akainua mkono kusalimia, kama watu wa kule wanavyolisalimia hata gari wasilolijua. Halafu ukaja mwanga wa taa. Halafu akaonekana tena anaisukuma baiskeli kwa miguu, pembeni kabisa.

Modesti alitazama mara tatu. Alilia kidogo, bila sauti, kwa kuwa kulikuwa na wateja. Kisha akaenda duka la vipuri la jirani kumwita Mwasiti, binti wa mzee Mahmud, ambaye siku zote alikuwa na salio kwenye simu. Mwasiti alikuja akijifuta grisi mikononi, akainama.

"Umesugua ndani," alisema.

"Nimesugua."

"Na baba alikukataza." Akatazama tena. "Masikini. Kumbe hakuwa amelewa."

"Hata baiskeli hakuwa amepanda."

Mwasiti akatoa simu, akampigia Epifania. Wageni wakifika Sumbawanga huuliza habari za uchawi. Wenyeji huuliza mbolea imefika au haijafika. Wateja wawili waliokuwa wakingoja walitazama kwa zamu, wakampa Modesti pole, wakakumbusha kwamba na vioo vyao vinahitajika leo.

Epifania alishuka kwenye basi la kutoka Chala saa nane mchana. Modesti alimpisha kwenye stuli. Alikaa pale mpaka adhana ya alasiri, mikono magotini, akimwangalia mumewe akitembea, akisimama, akiinua mkono.

"Kile kifungo cha koti nilimshonea mimi asubuhi ile," alisema kwa Kifipa. Mwisho akasema, "Twende polisi, shemeji. Wakaone wenyewe."

Waliiweka dashibodi kwenye beseni, wakaifunika kwa kitenge isiingie vumbi. Kituoni alikuwepo afande Nestory, yule yule aliyenusa. Hakuwa mtu mbaya. Alivaa miwani, akainama juu ya beseni muda mrefu kuliko siku ile alivyoinama barabarani, akasema alichokiona.

"Mia moja na kumi na nane. Na marehemu yuko pembeni, kwa miguu. Naona."

"Basi lifuteni lile neno, afande," Epifania alisema.

"Mama, dashibodi iko kwenye beseni. Gari lililo kwenye beseni halina mwendo. Nikiandika hivyo, wakubwa wataniuliza na mimi nilikuwa nimekunywa nini." Alisema hivyo bila kejeli, kwa sauti ya upole. "Tena faili lilishafungwa. Maji yakimwagika hayazoleki, mama yangu."

Alimsifu Modesti kwa kazi safi, akauliza kama anatengeneza na vioo vya pikipiki. Kisha, kwa kuwa alimhurumia Epifania, akamtolea nakala ya ripoti yenye muhuri, ambayo alikuwa akiiomba na kuzungushwa miaka yote minne.

Alhamisi mzee Stanley alikuja kuchukua gari. Modesti alimwamkia, akamsogezea dashibodi, akamkazia macho usoni. Mzee Stanley alitazama. Clemens alipoinua mkono, mkono wa mzee Stanley nao ulinyanyuka kidogo kutoka mfukoni, ukarudi.

"Siku ile sikumrudishia salamu," alisema.

"Mzee, wewe ukienda kuwaambia polisi watakusikiliza. Ni neno moja tu analolitaka."

"Niwaambie nini, Modesti? Keshokutwa namwoza mtoto. Na huyu nilimzika vizuri, wewe ulikuwepo." Alikohoa. "Funika kombe, mwanangu. Rudisha kitu mahali pake."

Modesti aliirudisha. Alikuwa na hasira mpaka meno yalimuuma, na bado skrubu zote nne zilikaza sawasawa, kwa sababu mikono ya fundi ilishazoea. Jumamosi gari lilibeba maharusi, mshale ukiwa kwenye mia moja na kumi na nane hata lilipokuwa limesimama mbele ya kanisa. Jenifer alipendeza. Alikaa nyuma, akaangalia nje njia nzima.

Tangu hapo, mzee Stanley akipita Chala huegesha karibu na kigango na kushusha kioo cha mlango wa dereva ili Epifania apate kuchungulia. Haombwi, anafanya mwenyewe. Epifania husimama pale amejifunika kitenge kichwani, na mume wake anapoinua mkono naye humwinulia wake. Watu wanasema si wote wangefanya hivyo, kwamba mzee Stanley ana utu.

Mwezi Agosti, siku ya upepo, Epifania alifika kibandani akiwa na ile nakala, imekunjwa mara nne. Aliikunjua juu ya meza na kuweka kidole kwenye lile neno "mlevi".

"Na hapa sugua, shemeji."

"Karatasi si plastiki, shemeji."

"Sugua tu."

Modesti aliibana kwa mawe madogo isipeperuke. Alichukua msasa laini kuliko yote aliokuwa nao, akautia tone moja la maji, akaanza kidogo kidogo, kwa kuzungusha, kama alivyofundishwa. Karatasi haikuchanika. Mikunjo ikanyooka. Madoa ya jasho la mikono ya Epifania yakatoka, muhuri uliokuwa umefifia ukakolea, na neno likaanza kuwa jeusi. Akaongeza dawa ya meno, akasugua kwa fulana. Karatasi ikawa nyeupe pe, na neno likazidi kusimama, mpaka Mwasiti akalisoma akiwa mlangoni pa duka lake, upande wa pili wa njia.

"Acha," Epifania alisema.

Modesti aliacha. Kazi aliyoijua maisha yake yote ilikuwa kufanya vitu vionekane, na nyingine hakufundishwa. Alitaka kumwomba radhi; akausuuza msasa.

Epifania alipuliza vumbi la dawa ya meno, akaikunja karatasi mara nne, akaiweka kifuani chini ya kitenge. Akauliza basi la mwisho la Chala linaondoka saa ngapi.

"Saa kumi," Modesti alisema, akamsindikiza mpaka stendi.