Dakika Ishirini na Saba za Mwenyekiti

Ligi ya kwanza ya mkoa ilipoanzishwa, timu zilikuwa nne, mpira wa ngozi mmoja, na mwenyekiti mwenye makuu ya watu kumi. Alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Uwanja ulikuwa wake, milingoti ya magoli ilitoka karakana yake, na timu ya wapasua mbao ilikuwa yake vilevile. Hata kombe alinunua mwenyewe, akalipeleka likachorwe jina la timu yake kabla ya mechi ya kwanza, "ili tusije tukahangaika mwishoni mwa msimu."

Refa alikuwa fundi saa, kwa kuwa kamati iliona ni yeye tu mwenye saa isiyodanganya. Fundi akavimba kichwa. Kwamba dada yake ameolewa na mwenyekiti, kamati ilijua, na ikapendezwa.

Msimu ukaenda kwa vituko. Timu ya posta ilichelewa kila mechi. Walimu walibishana na refa mpaka wakafungwa huku bado wanabishana. Waoka mikate, waliocheza peku na unga kwenye nywele, ndio waliokuwa wanashinda. Mechi ya mwisho ikawakutanisha na wapasua mbao: atakayeshinda ndiye bingwa.

Asubuhi ya siku hiyo mwenyekiti alipita kwenye kibanda cha fundi.

"Shemeji, hivi saa zako huwa hazisimami?"

"Husimama zikiharibika."

"Basi ya leo iharibike kidogo, ikibidi. Nataka kutundika saa kubwa mbele ya karakana, na natafuta fundi wa kuitunza."

Fundi akacheka kicheko cha mtu asiyetaka kusema ndiyo wala hapana.

Dakika ya sabini mwoka mikate mmoja mwembamba, aliyeitwa Hamira kwa jinsi alivyopanda juu, akafunga kwa kichwa. Dakika tisini zikatimia. Fundi akaweka filimbi mdomoni, akamwona shemeji yake jukwaani anatikisa kidole. Filimbi ikashuka. Ikafika dakika ya mia. Watu wakaanza kuulizana. Wapasua mbao wenyewe walikuwa hoi, beki wao akamnong'oneza refa, "Maliza bwana, tunakufa huku!" Dakika ya mia moja na kumi na saba Hamira akatia la pili, kipa ameketi chini anavua kiatu. Fundi akapuliza.

Kamati ilikaa palepale uwanjani. Mwenyekiti akasimama. Kanuni zinasema dakika tisini, alisema, na hii imezidi kwa ishirini na saba. Kwa hiyo haikuwa mechi, yalikuwa mazoezi. Imefutwa. Kombe libaki kwake kwa usalama. "Na kosa ni la refa."

Fundi akapiga moyo konde.

"Niliongeza kwa sababu uliniambia, shemeji. Ukaniahidi saa ya karakana, nami nikaitamani. Dakika tisini zilipoisha waoka mikate walikuwa wanaongoza. Wao ndio mabingwa."

Wajumbe wakapiga kura, na mikono yote ikaenda kwa mwenyekiti. Kila mjumbe alikuwa anajenga nyumba, na muuza mbao alikuwa mmoja tu. Fundi akafungiwa maisha.

Kesho yake dada yake akaingia kibandani amenuna.

"Kaka, umemwaibisha mume wangu mbele za watu."

"Nilianza kujiaibisha mimi. Dakika ishirini na saba nzima."

Dada akasonya, akaweka kikapu kitupu chini. "Nimetoka kwa waoka mikate. Wameniambia mechi imefutwa, na mikate ya nyumba yangu imefutwa."

Fundi akajizuia kucheka, akashindwa. Akatoa mkate wake wa mchana, akaukata nusu, akamsogezea.

"Mpelekee shemeji."

"Nimpelekee nani?" Dada akavuta kiti, akaketi. "Huu nakula mimi."