Kibao cha Cyril

Asubuhi hiyo niliifuta meza ya dirishani mara tano, na wala haikuwa na tone la chai.

"Utaitoboa hiyo meza, Winnie!" Dilys, mpishi wangu, alinitania huku akipanga skonzi.

Ningetulia vipi? Saa nne watu wa makumbusho wangekuja kung'oa kibao kilicho juu ya mlango wa mgahawa wangu. Kimeandikwa Ye Olde Tea Shoppe, yaani Duka la Chai la Kale, na zile e za ziada mwishoni mwa maneno, kama walivyoandika Waingereza wa kale. Watalii wanazipenda hizo e ajabu! Mtaa wetu mzima tunazo, hata kinyozi. Sisi wote tunajua ni mapambo tu. Makumbusho ndio hawakujua. Walikitazama kutoka barabarani, wakaamua kina miaka mia nne, wakaniletea barua kwamba watakichukua.

Miaka mia nne, jamani! Marehemu mume wangu, Cyril, alikichora bandani mwaka tuliooana. Akakipaka chai nzito, akakifukizia moshi, akakichapa kwa mnyororo mpaka kikachubuka, ili kionekane cha kale. Nilicheka mbavu zikaniuma. Kazi nyingine ya mkono wake sina.

"Si uwaambie ukweli?" Dilys aliniuliza.

"Mbele ya wateja niliowadanganya miaka arobaini na tisa? Aibu gani hiyo!"

Bwana Peverell wa makumbusho akafika na ngazi na mafundi wawili. Mgahawa ulikuwa umejaa.

"Bi. Tapscott, hii ni hazina ya taifa," alisema. "Usijali, tutakutengenezea cha kuiga."

Cha kuiga! Damu ikanichemka.

"Hicho chenyewe ndicho cha kuiga!" nikapiga kelele. "Kakichora mume wangu! Nimewadanganya nyote!"

Bwana Peverell akanitazama kwa huruma, kama anayembembeleza mgonjwa.

"Pole, mama. Msiba huchanganya kumbukumbu."

Akawaashiria mafundi. Skrubu zikatoka, kibao kikashushwa, kikageuzwa. Mimi sikuwahi kuuona mgongo wake. Palikuwa na maandishi ya rangi nyeupe, mwandiko wa Cyril kabisa:

"Winnie, ukisoma haya, tumekamatwa. Usiogope. Waambie ni mimi, wewe hukujua kitu."

Bwana Peverell alisoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Kirudisheni," aliwaambia mafundi kwa sauti ya chini.

"Ngojeni kwanza," nilisema. Nikavuta kiti, nikaketi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. "Niacheni nikisome."