Uzi Kati ya Meno

Kamba ya begani kwenye nguo ya ndani ya Arkadi Lvovich ilikuwa imeachia, na Rustam alikuwa akiishona papo hapo, Arkadi akiwa bado ameivaa. Nguo hiyo ilikuwa na mabomba membamba ya maji ya kupozea mwili. Kuivua na kuivaa upya ni kazi ya nusu saa, na nusu saa hawakuwa nayo, kwani vazi kubwa la kutokea nje lilikwisha funguliwa mgongoni likimsubiri. Rustam alikata kipande cha uzi, akakisogeza mdomoni mwa kamanda wake.

"Shika kwa meno, Arkadi Lvovich."

"Toa huko."

"Mtu akishonewa nguo mwilini bila kung'ata uzi, anashonwa pamoja na kumbukumbu zake, asizipate tena. Bibi yangu kule Kazan angeniona ninavyokushona hivi, angenitandika."

"Bibi yako hayupo hapa. Mimi ni mhandisi, Rustam. Shona, na usinidunge."

"Haya, bwana mhandisi." Rustam aliuachia uzi, nao ukaelea mbele ya pua zao ukijikunja. "Ukisahau mlango wa kurudia, mimi simo."

Rustam alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minne, baba wa watoto wawili, fundi hodari mwenye mdomo usio na breki. Walikuwa wameishi wawili tu katika kituo kile cha angani kwa miezi sita, juu ya mawingu na juu ya kila kitu, wakila mkate mweusi wa vipande vya kumezwa mara moja ili makombo yasitapakae, na kwa muda huo Arkadi alikwisha jifunza kumcheka kwa pua tu. Alicheka hivyo sasa. Hakutaka ajue kwamba neno lile limemchoma kuliko sindano.

Kwa maana yeye alikwisha shonwa zamani. Miaka minne nyuma, mlangoni pa nyumba yao, basi la kazini likipiga honi chini, mkewe Kapa alimshonea kifungo cha koti akiwa amelivaa. Alimnyoshea uzi, naye akaukataa kwa majivuno yale yale ya uhandisi. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Kapa alifariki mwaka juzi, majira ya baridi, na tangu siku hiyo sauti yake ilipotea. Uso Arkadi aliukumbuka, mikono aliikumbuka, hata harufu ya kabichi ya chumvi aliyokuwa akiiweka kwenye ndoo kibarazani. Maneno yake aliyakumbuka mengi mno. Lakini kila alipoyaita yalikuja kwa sauti yake mwenyewe Arkadi, kama barua unayoisoma kimoyomoyo. Na hakuwahi kumrekodi. Mtu aliyetumia nusu ya umri wake kurekodi mapigo ya moyo ya panya na mtikisiko wa kila skrubu, hakurekodi hata siku moja mke wake akimwita mezani!

Kisha likaja hili la chombo. Wiki moja kabla, chombo cha mizigo kilipokuwa kikiondoka kilipiga picha, na picha zikaonyesha kwamba chombo chao cha kurudia nyumbani, kilichobandikwa upande wa pili wa kituo, kimebanduka koti lake. Koti ndilo jina walilolipa washonaji: shuka nene ya kuzuia joto na baridi, yenye matabaka mengi membamba yanayong'aa, inayoshonwa kwa mkono na wanawake wa karakana. Vipande vitatu vilikuwa vimeachia, na kimoja kilining'inia mbele ya jicho ambalo chombo hulitumia kuutafuta upeo wa dunia kabla ya kuwasha injini ya kushukia. Jicho likizibwa, chombo hakijui chini ni wapi.

Huko chini tume iliundwa, na tume haikosi kalamu. Kabla mtu hajatoka nje kutazama, rasimu ilikwisha andikwa: chanzo kinachodhaniwa, mshono kuachia. Kitabu cha karakana kilipofunuliwa, mshonaji wa vile vipande vitatu alikuwa K. M. Sotnikova. Ndiye Kapa.

Maiti haulizwi sanda, na Kapa hakuulizwa. Arkadi alistahili kubakiwa na vitu viwili vya mkewe, sauti yake na sifa ya mkono wake. Sauti aliipoteza mwenyewe kwa kiburi. Sasa sifa nayo ilikuwa inachukuliwa, na mtu wa pekee aliyeweza kwenda kuona kama ni kweli au uongo alikuwa yeye.

Walitoka. Rustam alitangulia na mfuko wa vifaa na kamera, Arkadi akafuata. Kila mmoja alikuwa na ndoano mbili za usalama, na sheria ni kwamba hufungui moja kabla hujaifunga nyingine, hata kama malaika anakuharakisha. Walisogea hivyo, mkono baada ya mkono, kituo kizima kutoka kichwani hadi mkiani. Dunia ilipita chini yao na bahari zake, nao hawakuitazama, kama mfua nguo asivyoutazama mto.

Walipofika, jua lilikuwa nyuma yao na kila kitu kilionekana waziwazi mno. Vipande vitatu vilisimama mbali na ubavu wa chombo, vikitikisika kila walipogusa chuma.

"Hapa Dunia," ilisema sauti sikioni. Alikuwa Savelich, mwongozaji wao, ambaye Arkadi alisoma naye darasa moja na aliyekonda kwa miaka thelathini ya kuvuta sigara na kuwaongelesha watu wasioonekana; hewani alimwita Arkadi kwa jina lake la redio. "Ryabina wa Kwanza, mna dakika ishirini na mbili za mwanga. Anza na bati."

Arkadi aliwasha taa ya kofia, akaingiza kichwa chini ya kile kipande kilichofunika jicho. Bati la chombo lilikuwa zima. Hakukuwa na ufa wala tundu lililopenya ndani, na zile bolti za kuachanishia chombo zilikaa safi kama siku ya kwanza.

"Bati zima. Bolti nzima. Tunaweza kushuka nacho, jicho likifunguliwa."

"Asante Mungu," alisema Rustam, ambaye bibi yake alimfundisha pia kushukuru. Kamera yake haikupumzika.

"Mshono?" aliuliza Savelich, na alivyouliza, ungedhani anabisha hodi nyumba yenye msiba.

Arkadi alikishika kipande kwa glavu zote mbili, akakigeuza. Moyo ulimdunda hadi akajua kule chini daktari anauona kwenye karatasi. Alianza kwenye pembe, akausoma mshono mmoja baada ya mwingine. Kapa alikuwa wa mkono wa kushoto na mafundo yake yote yaliegemea kushoto, kosa ambalo msimamizi wa karakana alimkaripia miaka kumi kabla hajachoka. Fundo, fundo, fundo. Hakuna lililofunguka. Akafika ukingoni, pale koti lilipokuwa limefungwa kwenye chombo, akakuta vibanio viwili vya chuma vikining'inia, vimechomoka kwenye bati pamoja na riveti zake, vile vipini vya chuma vya kuvikazia. Chuma ndicho kilichoachia. Mshono ulikuwa umeving'ang'ania hadi leo.

Akapumua. Kioo cha kofia kikafanya ukungu, kikasafika.

Na hapo, ndani ya mkunjo wa mwisho, akaona uzi mwingine. Nyuzi za karakana ni za kioo, nyeupe. Huu ulikuwa wa pamba, wa bluu, urefu wa kidole, umeshonwa mara tatu kisha umefungwa fundo linaloegemea kushoto. Haukushika kitu chochote.

Alikumbuka mara moja. Siku moja alimfuata Kapa karakanani kwa chakula cha mchana, akamkuta juu ya ngazi kando ya chombo, akimalizia kukishonea koti lake, uzi wa bluu kati ya meno. Akamwita, akamwambia supu inapoa. Kapa akamjibu kutoka kule juu: "Ngoja, Arkasha. Chombo nacho kinashonewa nguo mwilini, na meno hakina. Sisi ndio tunaking'atia." Kisha ule uzi aliokuwa ameung'ata akaushona ndani ya mkunjo. Wote walifanya hivyo, wanawake wote wa karakana, kila chombo, ili watakaosafiri nacho wasisahau kwao. Hakuna mchoro wowote ulioandika jambo hilo. Arkadi alicheka siku ile hadi akashika ukuta. Sasa aliyakumbuka maneno yote, hata koma zake, na bado yalikuwa kwa sauti yake mwenyewe.

"Ryabina wa Kwanza, mshono?"

"Mzima wote. Vibanio viwili vimechomoka kwenye bati pamoja na riveti. Mshono haujaachia hata fundo moja."

"Arkasha." Savelich alishusha sauti, kana kwamba nchi nzima haikuwa ikisikiliza. "Alikuwa mkeo. Watakuuliza."

"Ndiyo maana nimehesabu mara mbili. Rustam amepiga picha. Andika."

"Naandika."

"Andika tena. Kuna uzi mmoja wa pamba, wa bluu, haumo kwenye michoro."

"Hapo mawimbi yalikatika," alisema Savelich, mtu ambaye masikio yake hayajawahi kukatikiwa na kitu. "Sijakusikia."

"Umenisikia. Hauna madhara, umeshonwa vizuri, na fundo lake limekaza. Andika hivyo hivyo, pamoja na jina la mshonaji."

Kalamu ilisikika ikikwaruza, au Arkadi alitamani tu isikike.

Zilibaki dakika sita za mwanga, na amri ilikuwa kukata. Vile vipande viwili vingine alivikata haraka. Cha tatu, mkasi ulikataa kufunga mkononi.

"Kata kona yenye uzi, tia mfukoni," alisema Rustam taratibu. Alikuwa ameona yote, na kwa mara ya kwanza katika miezi sita hakutania.

Arkadi aliitazama kona. Riveti zilizong'oka zilitoa ncha kali pande zote, na glavu ikichanika kule nje hakuna wa kuishona. Kapa mwenyewe angemwita mjinga.

"Hapana," alisema, akakata.

Kipande kiliondoka polepole, kikigeuka, kikimeremeta, na uzi wa bluu ndani yake. Ilimuuma, hakuna namna nyingine ya kulisema jambo hilo. Ilimuuma kama siku ya mazishi. Jicho la chombo lilikuwa wazi. Walirudi kwa ndoano zao, mkono baada ya mkono, giza likiwakuta mlangoni.

Siku tano baadaye walikuwa wakijiandaa kushuka. Mabegi yalikwisha fungwa, na kabla ya kuvaa walijifunga mikanda na kukaa kimya dakika moja, kama watu wote wa kwao wafanyavyo kabla ya safari, ingawa mahali pale kukaa na kusimama ni mamoja. Arkadi alipoinua mkono, kamba ya begani ikaachia tena.

"Ulishona kwa sindano au kwa kijiko?" aliuliza.

"Wewe ulikuwa unatikisika kama ndama. Lete bega."

Rustam alitia uzi sindanoni. Safari hii hakumpa kipande cha kung'ata, alikwisha jifunza. Arkadi akanyosha mkono mwenyewe, akakata uzi, akauweka kati ya meno, akaubana. Rustam aliona, akainamia kazi yake bila neno, jambo lililomgharimu sana.

Sindano ya kwanza ilipita karibu mno na ngozi.

"Ngoja," alisema Arkadi.

Neno lilitoka limebanwa, midomo haikufunguka, nusu yake ikapitia puani. Akaganda. Aliijua sauti ile. Ndivyo Kapa alivyosema ngoja, na ndivyo alivyosema njoo ule, na funga mlango, na umechelewa tena. Mwanamke yule alikuwa na uzi kati ya meno nusu ya maisha yake, kazini na nyumbani, na Arkadi kwa miaka miwili alikuwa akimtafutia sauti safi ambayo hakuwahi kuwa nayo.

"Ngoja, Arkasha," alisema tena, polepole, akisikiliza.

Machozi huko juu hayadondoki. Yalimjaa machoni, yakatulia hapo yakitetemeka, na chumba kizima kikawa maji.

"Nimekudunga?" Rustam aliacha mkono hewani. "Nisamehe, Arkadi Lvovich. Namalizia sasa hivi."

"Hapana," alisema Arkadi, uzi ukiwa bado kati ya meno. "Shona polepole. Usimalize haraka."