Kipa Ndiye Anayeulizwa

Kila mwaka kwenye karamu ya klabu, Holger Brinkmann aliombwa asimulie jinsi alivyodaka mpira uliokwisha kuvuka mstari, refa akamwuliza, naye akajibu bila kupepesa macho: "Haukuvuka." Watu walicheka mpaka bia ikawapalia. Walioshuka daraja siku ile walikuwa Hombeck, kijiji jirani, na mpira ule aliupiga Uwe, rafiki yake wa utotoni. Hilo Holger hakulisimulia.

Sasa Holger alikuwa kocha, na mechi ya mwisho ya msimu ilimpeleka tena kukutana na Hombeck, uwanjani kwao. Sare ingemwokoa yeye na kuwashusha wenyeji. Akifungwa, anashuka yeye. Pembeni mwa uwanja Uwe alikuwa akichoma soseji za klabu yake, tumbo mbele.

"Haukuvuka, siyo?" alimtania kama kawaida yake, akimpa soseji.

Holger aliipokea akaishika bila kuiuma. Miaka kumi na saba utani huo ulikuwa ukimchoma, na miaka kumi na saba alijichekesha.

Dakika ya tisini, bado bila kwa bila, Hombeck walipiga kichwa. Malte, kipa wa Holger, aliufuata mpira akaulalia. Mashabiki wakapiga kelele za bao. Refa, ambaye hana msaidizi kwenye ligi hizi ndogo, alimwendea Malte. Holger alijua umevuka. Kipa aliyeokoa huinuka haraka autupe mpira mbele. Malte aliukumbatia tu.

"Kipa, umevuka?"

Holger aliingia uwanjani mbio. "Umevuka, refa! Ni bao!"

"Rudi kwenye benchi, bwana. Ulikuwa mbali. Namwuliza kipa."

Malte akamkonyeza kocha wake. "Haukuvuka."

Filimbi ya mwisho ikalia. Malte alikuja akamkumbatia. "Nimejifunza kwako, kocha! Na wewe ulivyojifanya kukiri! Mjanja kweli!"

Holger alijitoa mikononi mwake akaenda kwa Uwe, uso ukimwaka kwa aibu.

"Uwe, ule wa kwangu ulivuka. Nilidanganya. Nisamehe."

"Najua ulivuka. Nilikuwa mita mbili tu." Uwe aliendelea kuzima makaa. "Huyo kipa wako, umemfundisha miaka mingapi?"

"Sita."

Uwe hakumtania.