Majani ya Chini

Wifi yangu Enesi ana aibu za ajabu. Bwana shamba akitangaza kuja kukagua mahindi hapa Itaka, sisi wengine tunapalilia kidogo, basi. Yeye aliamka na kapu, akachuma kila jani la njano shambani mwake, akawatupia mbuzi. Shamba likabaki kijani, kama ua uliofagiliwa kwa ajili ya mgeni.

"Sitaki waseme shamba lilikufa na Zabron," akaniambia. Zabron ni kaka yangu, mume wake. Tulimzika mwaka jana.

Nilitamani kumzaba kofi, Mungu anisamehe. Kikundi chetu kilikuwa kimebakiwa na mfuko mmoja tu wa mbolea ya kukuzia, na ungekwenda kwa yule ambaye mahindi yake yana njaa kuliko ya wenzake. Enesi ana watoto na shamba hilo hilo moja.

Bwana shamba, Nsajigwa, alikuja na kadi yake ya rangi za kijani. Alilipa jua mgongo ili jani la juu likae kivulini mwake, akalilinganisha na kadi.

"Hapa si pabaya sana," akasema. "Twende kwa Teresia."

Kikundi kikaanza kuondoka. Enesi anatabasamu, jamani, anatabasamu na mfuko unampita hivi hivi. Hasira zikanipanda.

"Bwana shamba, hebu inama utazame chini."

Akainama, akaona makovu mabichi kwenye mashina. Akauliza nani kachuma majani. Enesi akatazama vidole vyake. Mimi huyo hadi kwenye banda la mbuzi, nikarudi na majani waliyoyabakiza. Yalikuwa yamegeuka njano kuanzia nchani, njano ikifuata mshipa wa katikati kuelekea kwenye shina.

"Hii ni njaa ya naitrojeni," akasema Nsajigwa. Wala hakumkaripia. "Mama, hindi likikosa chakula, jani la zamani linatoa cha kwake kinapanda kwa majani machanga. Ndiyo maana juu unaona nafuu, na chini linajifia. Usiyaondoe tena kabla sijayaona."

Akawaambia wenzetu mfuko uletwe hapo leo leo, udongo ukiwa bado na unyevu. Hakuna aliyebisha, hata Teresia.

Walipoondoka, Enesi akakaa kwenye tuta akalia. Nilikuwa nimejiandaa kumsema vizuri. Nikamshika mkono nimwinue, na ule mkono haukuwa na uzito. Kitenge kilichokuwa kikimtosha sasa amekizungusha karibu mara mbili kiunoni. Nikaona uchungu.

"Wifi, jana ulikula nini?"

Akajifuta macho. "Watoto walikula."

"Sikukuuliza watoto."

Nikamwinua, nikamwambia twende kwangu, na leo atakula mbele ya macho yangu.