Mluzi wa Saba

Asubuhi ya kufungua msimu wa konokono wa mwamba, wanaong'olewa kwa chuma chini ya bahari, wanawake saba wa Sonmul, kijiji cha mashariki ya kisiwa cha Jeju, waliketi ndani ya duara la mawe wakiota moto na kusugua vioo vya miwani yao ya kuzamia kwa majani ya pakanga ili visishike ukungu. Walikaa kwa cheo. Upande usiofikiwa na moshi alikaa Kang Oknyo, mkubwa wao, miaka sabini na mbili, kifua kipana na ulimi wa wembe. Kulia kwake alikaa Ko Chunae, ambaye huafiki maneno ya Oknyo kabla Oknyo hajayamaliza. Na pale moshi unapoelekea alikaa Bu Gapsun, ingawa kwa kuzamia hakuna aliyemfikia hata kiwiko.

Gapsun alihamishiwa kwenye moshi miaka arobaini na moja nyuma, kwa sababu ya swali. Mdogo wake, Myongwol, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa amezama na Oknyo siku ya kufungua msimu, siku kama hii, na hakuonekana tena. Oknyo akasema ametoroka kwenda Osaka, ng'ambo ya bahari, na mwanaume anayeuza vipuri vya injini. Viatu vya mpira vya Myongwol vilikuwa bado palepale kando ya moto.

"Dada Oknyo," Gapsun aliuliza, "mtu gani anapanda meli ya Osaka pekupeku?"

"Mwenye haraka ya mwanaume," Oknyo akajibu, na wote wakacheka. Kesho yake Gapsun alikuta kiti chake kimehamishwa.

Mzamiaji wa Jeju akitoka chini huitoa pumzi yake kwa mluzi. Si madaha hayo. Ni mapafu yanajimwaga ili yavute upya, na kila mwanamke ana mluzi wake kama alivyo na sura yake. Kwa miluzi hiyo ndivyo wanavyohesabiana. Ikisikika saba, hakuna neno. Ikipungua mmoja, mtu amekufa, na mzamiaji akifa majini bahari hufungwa, mganga huitwa, na kazi husimama mpaka roho yake itolewe. Wakati ule wa Myongwol, kufunga bahari kulikuwa kwa siku kumi na tano, si tatu kama sasa. Siku ya kwanza ya msimu! Kila mtu pale alijua kuhesabu.

Tangu mwaka huo Gapsun akaanza kujizoesha. Aliweka beseni la maji ya baridi jikoni, akawa anazamisha uso huku wali uko motoni. Mwaka wa kwanza alitoa uso kabla maji ya wali hayajachemka. Mwaka wa tano wali uliiva. Mwaka wa kumi na mbili wali uliungua, na mumewe akahamia kwa dada yake. Mwili hauna ubishi. Ukiufundisha jambo moja kila siku utalishika tu. Moyo wa Gapsun ulijifunza kupiga polepole kila uso ulipogusa maji. Damu ikajifunza kuihama mikono na miguu ikabaki kifuani na kichwani, kwenye kazi. Bandama lake, ambalo kwa mzamiaji ni ghala ya damu, likanenepa kama kiazi kitamu. Sikio la kulia likafa, na kichwa kikamuuma kila siku ya Mungu.

Daktari mmoja wa mjini alikuja na mashine zake kuwapima wazamiaji. Kwa Gapsun alikaa saa nzima, akahesabu pumzi nne. Aliandika kwamba mtu wa kawaida huvuta kama kumi na tano kwa dakika moja, kisha akamshauri apunguze chumvi.

Pumzi hizo zote Gapsun alizitumia kumtafuta mdogo wake. Alipekua sakafu ya bahari ya Sonmul mwamba kwa mwamba, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Palibaki mahali pamoja tu, Shimo la Ng'ombe, kina kirefu mno, ambako Oknyo alikuwa amewakataza wote kuzama kwa madai ya mkondo mbaya. Wiki ya kuamkia msimu huu, Gapsun aligundua kuwa hakuwa amevuta pumzi tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana, na hakuona tofauti. Akaona sasa inatosha.

Saa nne ya asubuhi hiyo ya kufungua msimu alizama. Kiboya chake kikabaki kinaelea juu ya Shimo la Ng'ombe, na mluzi wake haukusikika. Saa sita haukusikika. Maji yalipoanza kujaa, Oknyo alikitazama kile kiboya kwa muda mrefu, na mahali kilipo.

"Amekufa," alisema.

"Amekufa," alisema Chunae.

"Kiburi kimemmaliza. Nilimwambia hapo pana mkondo."

Wakaita mganga, Mun, mzee mwenye sauti ya kukwaruza. Siku ya tatu alisimama kwenye miamba akafanya kama wanavyofanya huko. Alijaza wali katika bakuli la shaba, akalifunga kwa kitambaa cheupe, akalitia kamba ndefu na kulitupa baharini, huku akiliita jina la marehemu alilopewa na mkubwa wa wazamiaji: Bu Gapsun, Bu Gapsun, toka kwenye baridi. Roho ikikubali, bakuli hurudi na unywele ndani yake.

Bakuli lilirudi na fungu zima. Nywele nyeusi ti, laini, urefu wa mkono.

Hapakuwa na mtu asiyejua kichwa cha Gapsun. Kilikuwa na mvi fupi zilizosokotwa kwa dawa katika saluni ya mjini, kama za bibi yeyote wa umri wake. Mganga Mun aliziinua zile nywele, akazitazama, akamtazama Oknyo.

"Nywele za marehemu," alisema Oknyo. "Zifunge."

Mganga alikuwa anafunga fundo la pili Gapsun alipotoka majini. Alipiga mluzi mmoja, mrefu, wa siku tatu, akavua mapezi yake ya mpira na kukaa juu ya jiwe. Hakuna aliyepiga ukelele. Chunae alisogea kidogo kumpisha, akamkumbusha kwamba suti yake imechanika gotini.

"Mbona umechelewa?" aliuliza Oknyo.

"Nilikuwa kwa Myongwol."

"Myongwol yuko Osaka."

"Yuko mwisho wa Shimo la Ng'ombe. Ana miaka kumi na tisa, amevaa lile vazi la pamba nililomshonea mimi. Konokono amekibana chuma chake cha kung'olea kwenye mwamba, na kitanzi cha pamba cha chuma hicho kiko kwenye kifundo cha mkono wake. Siku mbili nimevuta. Chuma changu kimepinda." Akakitupa miguuni kwa Oknyo, na kweli kilikuwa kimepinda. "Pembeni yake kuna alama ya konokono wa pili, mkubwa, aliyeng'olewa. Anasema ulikuja, ukamtazama, ukang'oa wako, ukapanda. Kisu kilikuwa kiunoni kwako, Oknyo. Kitanzi kimoja tu cha pamba!"

"Anasema, anasema. Wafu waongo."

"Bakuli liliposhuka lilikuwa linaliita jina langu. Nikamkata nywele kwa gamba nikazitia humo, ili mzione. Haya, mmeziona. Mzee Mun, tupa tena. Mwite kwa jina lake. Konokono yule hamwachii mpaka aitwe."

Mganga alishusha mikono. "Mimi naita jina ninalopewa na mkubwa wa wazamiaji. Ndiyo kazi yangu. Nikilitaja la kujitungia, bahari hainisikii."

Wote wakamgeukia Oknyo. Ungetaka kujua uso wa mtu anayekokotoa, ungemtazama yeye. Za mwizi arobaini, watu husema. Yeye alikuwa ameufikia mwaka wa arobaini na moja.

"Bahari imefungwa siku tatu," alisema mwishowe. "Jina limeitwa, nywele zimekuja, roho imetoka. Kazi imekwisha. Kesho tunazama."

"Chunae!" Gapsun alimgeukia. "Ulikuwepo siku ile. Uliviona viatu. Sema!"

Chunae alikuwa anachokonoa mchanga kwa kidole cha mguu. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya kweli kabisa.

"Nikisema leo, dada," alisema, "nitakuwa nimenyamaza miaka arobaini na moja bure."

"Na mimi je?" Gapsun aliuliza. "Mimi ndiye mliyemwita. Niko hapa."

"Wewe umeshaitwa," Oknyo alisema. "Ungetaka kuwa hai ungepiga mluzi kama wenzako. Usitusumbue."

Wakazizika nywele siku ileile, kilimani, katika kaburi lenye ukuta wa mawe meusi, na juu yake wakaandika Bu Gapsun. Gapsun mwenyewe alisaidia kubeba mawe, kwa kuwa mgongo wa Chunae ulikuwa mbovu. Alilia sana, na Oknyo akampa kitambaa.

Katika orodha ya wazamiaji jina lake lilipigwa mstari. Hakuna aliyemfukuza kwenye moto. Maiti hana cheo, kwa hiyo hakuna wa kumwambia akae wapi. Alikaa palepale kwenye moshi. Walimpa kiazi cha kuchoma zamu yake ilipofika, na kama alikohoa walimwambia asogee.

Kuzama hakuacha, maana orodha haikuwa na la kumkataza mfu. Kwa kuwa pumzi hakuihitaji tena, kila asubuhi saa nne aliivuta moja, ya kujaa hadi mabegani, akaipeleka chini Shimo la Ng'ombe bila kuigusa, akampa mdogo wake mdomo kwa mdomo. Myongwol hukaa nayo hadi saa sita. Kisha huiachia, nayo hupanda yenyewe, na ikifika juu hupiga mluzi. Ni mwembamba, umepinda kidogo mwishoni, mluzi wa msichana ambaye bado anafundishwa. Wale wazee wote wanaujua. Ukilia, mikono husimama, na mara nyingine Chunae huziba masikio.

Oknyo hupanda kwenye mwamba mrefu zaidi, kama ilivyo kazi yake, na kuhesabu kwa vidole. Kila siku hulia miluzi saba.

"Sita," husema. "Tumetimia. Haya, twendeni nyumbani."