Kabati la Haddu

Yamna alilipima kabati kwa utepe wake wa kushonea, akamwomba kaka yake akunje miguu ili aweze kufika chini. Haddu akaikunja. Alikuwa ametundikwa kwenye henga ya mbao, kati ya jalabia ya sufu ya marehemu baba yao na kaftani ya harusi ambayo Yamna hakuwahi kuivaa. Akikunja miguu, alichukua nafasi ndogo kuliko hiyo kaftani.

"Kina kinatosha," Yamna alisema. "Shida ni upana."

"Shida ni hiyo kaftani yako. Unamngoja nani?"

"Nyamaza, nisije nikasahau vipimo."

Haddu alikuwa ameteremka kutoka milima ya Ketama hadi mji wa Tetuan akiwa na mwili kama wa mkulima yeyote. Kule juu bonde zima lililima bangi, kama babu zao walivyolima, na mavuno yote yalinunuliwa na Haji Buzian kwa bei aliyoitaka yeye. Mwaka ambao Haddu alikataa kumuuzia, askari walipanda mlimani na jina moja tu la kukamata. Haddu alikimbilia kwa dada yake. Haji Buzian akalizungushia ua shamba la Haddu, lisije likaharibiwa na mbuzi, alisema.

Mwanzoni Haddu alilala sebuleni, akawa anaingia kabatini mlango ulipobishwa. Baadaye alichoka kuingia na kutoka, akabaki humo. Mwili ukafuata nafasi iliyokuwepo. Alikonda, kisha akawa bapa, na siku moja Yamna alipokuwa akitoa nguo za baridi alimkuta amejitundika mwenyewe, amestarehe. Alikula mkate kidogo uliochovywa kwenye mafuta ya zeituni. Majirani wakikutana na Yamna kwenye ngazi walimuuliza Haddu anaendeleaje, naye akajibu kwamba anashukuru Mungu, ila nondo wanamsumbua.

Sasa mama yao, Tlaitmas, alikuwa na saratani ya mifupa. Alilala kwenye godoro la sebuleni, chini ya dirisha, akiuma ncha ya kitambaa chake cha kichwa ili wasimsikie. Dawa ya maumivu ya hospitali ilikuwa ikija na kukatika. Yamna alijaribu kumletea bangi ya mtaani, iliyotokana na mbegu mpya za ng'ambo, ikamwendesha moyo mbio na kumfanya alie kwa hofu mchana kutwa. Mama alitaka ile ya zamani, ile fupi ya mlimani, iliyopikwa kwa samli, asali na lozi ikawa maajuni. Mama yake Tlaitmas aliwapa maajuni hayo wazee waliokuwa wakiumwa mifupa, nao wakalala.

Mbegu hiyo hakuna aliyeipanda tena. Lakini Haddu alikuwa amekimbia na konzi moja yake, imeshonewa kwenye pindo la nguo. Ndipo wakaanza kupanga.

Haddu alifundisha kutoka kwenye henga yake. Paani hapafai, alisema, kwa kuwa kila paa la Tetuan linatazamwa na paa jingine. Itakuwa humuhumu kabatini. Zitafutwe ndoo za zeituni sokoni, zitobolewe kitakoni. Udongo uchanganywe na samadi ya kondoo iliyokaa. Taa ining'inizwe juu, isikaribie sana majani. Miche ya kiume ing'olewe mara tu itakapojitambulisha, ya kike isije ikazaa mbegu. Mlimani hawakuwahi kupanga chochote, walimwaga mbegu na jua likafanya kazi yake, lakini hapa hata upepo ilibidi upangwe.

Yamna alimwambia angemhamishia nyuma ya mlango wa chumba ili mimea ipate nafasi. Haddu alikataa. Alisema kila anapotoka nje ya kabati hubisha mtu. Kwa hiyo iliyotolewa ni ile kaftani. Yamna aliikunja, akaiweka chini ya godoro lake.

Taa na feni vilifungwa na Bushta, fundi umeme mstaafu wa ghorofa ya chini, ambaye wote walimwita Ami.

"Nimefunga taa misikitini, nimefunga hamamuni," Bushta alisema, kichwa kikiwa kabatini. "Kumfungia taa mwanamume aliyetundikwa, hii ndiyo mara ya kwanza. Sogeza shingo, Haddu."

"Ami, ukinipiga shoti nitaungua kama pazia."

"Pazia lina faida. Wewe unafunika nini?"

Feni ilipowashwa ilimpeperusha Haddu akagonga mbao za nyuma. Bushta akaigeuza ielekee pembeni.

Mbegu ziliota. Yamna alizimwagilia maji asubuhi, kabla hajaketi kwenye cherehani, na ndiye aliyeona kwanza kwamba miche haikuwa ikiielekea taa. Yote ilikuwa imeinama upande mmoja, upande wa Haddu. Alizizungusha ndoo, kesho yake miche ilikuwa imemgeukia tena. Bushta aliitwa. Alitazama, akamgusa Haddu kifuani, akasema ana joto. Mtu aliyekaa juani mlimani tangu utotoni hadi alipokuja kufungiwa, alisema, lazima jua lingali ndani yake. Akaifungua taa, akaondoka nayo, maana jikoni kwake palikuwa na giza.

Mimea ilikua vizuri. Harufu ilipoanza kutoka, Yamna alikaanga dagaa kila siku, na jengo zima likalalamika juu ya dagaa. Lakini kadiri majani yalivyokolea kijani, Haddu alizidi kupauka. Wekundu wa shingo yake, ule wa wakulima, ulimtoka kwanza. Kisha mikono. Yamna akawa anaiona misumari ya kabati kupitia mgongo wake.

Asubuhi moja alikuja na mkasi.

"Naikata," alisema.

"Bado haijakomaa."

"Inakumaliza, kaka."

Kutoka sebuleni walimsikia mama akivuta pumzi kwa meno.

"Hili jua nalitunza la nini?" Haddu alisema. "Humu ndani namwangazia nani? Rudisha mkasi kwenye nguo za watu."

Yamna akaurudisha.

Wakati huohuo sheria ilikuwa imebadilika. Bangi ya dawa iliruhusiwa kwa wenye leseni, na mmoja wa waliopata leseni alikuwa Haji Buzian, aliyesimamisha bango zuri kwenye ua wa shamba la Haddu. Ikatangazwa pia kwamba wakulima waliokuwa wakitafutwa wangeweza kufutiwa mashtaka. Yamna alimkunja kaka yake mkononi, akamfunika kwa shela lake, wakaenda ofisini, wakapanga foleni.

Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alimkaribisha Yamna kiti, akamlaza Haddu mezani, akamnyoosha kwa viganja, akakichukua kidole gumba chake na kukibonyeza kwenye mashine. Haikutokea alama. Alikipangusa, akajaribu tena, akajaribu vidole vingine.

"Inabidi aje mwenyewe," alisema.

"Huyu ndiye mwenyewe."

"Mimi namwona, dada. Mashine haimwoni." Alimkunja Haddu kwa uangalifu, mikono ndani. "Msione ni ninyi tu. Juzi alikuja mama na mumewe ndani ya chupa ya mafuta. Naye tulimrudisha."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Haddu aliomba shela lisogezwe kidogo aone mtaa, na Yamna akalisogeza. Aliutazama mpaka walipofika mlangoni, akasema maduka yamekuwa mengi.

Mavuno hayakuwa makubwa. Yamna aliyakausha palepale kwenye ufito wa kabati, kando ya kaka yake, kisha akayapika kwa samli, asali na lozi. Mama alikula kipande cha ukubwa wa zeituni, akajilaza, na jioni ile kitambaa cha kichwa kilibaki kichwani. Siku zilizofuata alizungumza sana. Alisimulia theluji na punda wao aliyeogopa madaraja. Aliomba Haddu aletwe, akamlaza juu yake kama blanketi, akawa anampapasa akisema mwanangu umekuwa mwepesi. Alifariki hivyo, alasiri, akiwa amefunikwa na mwanawe, na hakulia.

Ilibaki shida ya mazishi. Haddu ndiye mwana wa kiume wa pekee, na jeneza la mama hubebwa na mwanawe. Wanaume wa jengo walikuwa wameshakusanyika kwenye ngazi. Yamna alisimama mbele ya kabati asijue la kufanya. Bushta akamsogeza pembeni taratibu, akavua koti lake, akamtoa Haddu kwenye henga.

"Samahani, mwanangu," alimwambia, akaingiza mkono mmoja, kisha wa pili.

Haddu alimkaa vizuri, ila mikono ilikuwa mirefu kidogo. Bushta alimfunga vifungo hadi shingoni, akateremka, akaweka bega lake chini ya jeneza, mbele, upande wa kulia. Lango la makaburi lilikuwa na askari aliyekuwa akiongoza magari. Alivua kofia, akampa Bushta mkono wa pole, na kwa kuwa mkono wa nguo ulikuwa mrefu, mkono alioushika ulikuwa wa Haddu.

Haji Buzian alikuja pia, kwa gari, na mabonge ya sukari ya rambirambi katika karatasi za buluu. Alipewa nafasi ya mbele kwenye sala. Baadaye, wageni wakila kuskusi, alimwambia Yamna kwamba amesikia habari za ile mbegu ya zamani. Ile ya ng'ambo inakunywa maji mno, alisema, na kampuni yake ingefurahi kuirudisha hiyo ya zamani mlimani, kwa heshima ya marehemu. Yamna alijibu kwamba miche ya kiume waling'oa yote, mbegu haikubaki. Haji akasema Mungu ataleta nyingine, akaomba aongezewe mchuzi. Hati ya kumkamata Haddu ilikuwa bado inafanya kazi siku hiyo, na inafanya kazi hadi leo.

Wageni walipoondoka, Bushta alimvua Haddu mbele ya kabati.

"Ami," Haddu alisema, "mama alikuwa mzito? Mimi sikusikia kitu."

Bushta alikuwa akijikanda bega. "Alikuwa mzito," alisema. "Wewe ndiye uliyebeba. Mimi nilikutembeza tu."

Yamna alimtundika Haddu, akamkung'uta vumbi jekundu la makaburini, akampapasa kwa kiganja kuanzia shingoni. Kwenye bega la kulia palikuwa na mkunjo mpana, mahali ulipokaa mti wa jeneza. Aliunyoosha, ukarudi. Akautilia maji kidogo, akaunyoosha tena.

"Uache," Haddu alisema.

Akauacha, akafunga mlango.